Nguru wa Arobaini

Tangu nirudi kutoka pwani mmeniuliza maswali mawili. La kwanza ni kama kweli tembo wa Saadani wanashuka hadi ufukweni. La pili ni kwa nini Jumapili iliyopita, nikiwa nimeshika kuku mbele ya usharika mzima, nilifunga mnada kabla hamjafungua vinywa. La kwanza nimekuwa nikilijibu popote, hata sokoni Tengeru katikati ya nyanya. La pili nimelikwepa. Nimeona niyaandike yote kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kwa sababu jibu la pili limo ndani ya safari ileile, na kwa mdomo siwezi kulisema bila kulipaka sukari.

Kazi yangu ya Jumapili mnaijua. Ibada ikiisha tunatoka uani, na sadaka ambazo si fedha, mayai, parachichi, mikungu ya ndizi, kuku, zinanadiwa palepale, na dalali ni mimi. Nimekuwa na sheria moja tu: mnada usinyamaze. Mtu akitaja bei na wengine wakakaa kimya, aliyeleta sadaka anaona haya. Kwa hiyo nachokoza. Natania. Nikiona mambo yanalala naongeza bei mimi mwenyewe. Anayeshinda mara nyingi haondoki na kitu. Anakirudisha kinadiwe tena, au anamzawadia mjane au mgeni, watu wanapiga makofi, kikapu kinajaa. Hata utani wangu kwa yule anayetangulia kila mara kutaja bei ndogo mnaujua kwa moyo. "Mama Anaeli katufungulia mlango, sasa wanunuzi waingie!" Nakumbusha haya kwa sababu ndiyo niliyoyabeba hadi pwani bila kujua kwamba nimeyabeba.

Tengeru hadi Same

Nilisafiri na Hanif. Wengi mmemwona: ana duka la spea za baiskeli mjini, la tangu enzi za babu yake, na Jumamosi tunaendesha pamoja kuelekea Nduruma na kurudi. Ni Mwislamu, mpole, na hucheka kwa pua. Wazo la kwenda Saadani kwa baiskeli lilikuwa lake. Mimi sikuwahi kuiona bahari isipokuwa kwenye kalenda.

Tulipita Maji ya Chai wakati akina mama wanapanga mafungu ya vitunguu. Mmoja aliona mizigo yetu akapaza sauti, "Babu, umefukuzwa nyumbani?" Nikamjibu kwamba mke wangu ndiye aliyefunga mizigo. "Basi ndiyo umefukuzwa!" akasema, na genge zima likaangua kicheko. Nilifurahi. Nilikuwa naanza safari kama ninavyopenda, katikati ya watu wanaocheka.

Hadi Moshi ilikuwa raha. Baada ya Mwanga upepo ulitugeukia, ukawa kama mtu anayekusukuma kifuani kwa mkono mmoja, bila hasira, bila kuchoka. Hapo ndipo spoki za gurudumu la nyuma la Hanif zilipoanza kukatika.

"Toa spea," nikamwambia.

Akapekua begi lake kwa muda mrefu. "Nimeleta za gurudumu la mbele."

"Una duka zima la spoki, Hanif!"

"Ndiyo maana. Mtu mwenye duka hafungashi. Anajua vitu vipo."

Tulikokota baiskeli hadi tukampata fundi wa pikipiki ambaye alikata spoki za kitu kingine, akazikunja, akatuambia zitafika Korogwe na baada ya hapo tuombe Mungu. Siku iliishia hapo. Same tuliingia kesho yake, tukakaa kwa mama lishe mmoja aliyekuwa na sufuria ya makande.

"Mnatoka wapi?" akauliza.

"Arusha. Tunaenda baharini."

"Kwa baiskeli?" Akasimamisha upawa hewani. "Mna kesi gani?"

Makande yale yalikuwa na nazi kidogo, jambo ambalo kwetu halipo. Hanif alisema hiyo ni bahari inaanza kutufikia.

Same hadi Muheza

Milima ya Upare, kisha ya Usambara, ilikaa kushoto kwetu karibu njia yote, na joto likaongezeka kadiri barabara ilivyoshuka. Baada ya Mombo tuliingia mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yanauma. Hanif alisimama kuswali chini ya vivuli vya miti ya watu. Mimi nilikaa na baiskeli na kuandika kichwani mambo ya kuja kuwaambia. Korogwe Hanif alinunua spoki, na muuzaji alipojua kwamba mteja wake ni muuza spea, hakumpunguzia kitu.

Kabla ya Muheza lilitokea jambo dogo ambalo sikulipa uzito. Tulipiga hodi kwenye nyumba moja kuomba maji. Baba wa nyumba alikuwa barazani anakula, wali na mchuzi kidogo, peke yake.

"Karibuni," akasema.

Hanif akasema, "Starehe, bwana," akabaki amesimama. Mimi nikasema asante sana, nikanawa, nikakaa. Nilikuwa na njaa. Yule baba alinisogezea sinia na kuniuliza habari za Arusha, za baridi, za mlima. Nilimjibu yote. Tulipoondoka Hanif aliendesha hadi nyumba ikapotea nyuma yetu.

"Ulimaliza chakula cha mtu," akasema hatimaye.

"Si alinikaribisha?"

"Alikukaribisha. Ungeonja tonge moja, ukashukuru, ukainuka. Wewe ulikunja mikono ya shati."

Nilicheka. Nilimwambia kwetu mtu akisema karibu anamaanisha karibu. Hanif naye akacheka kwa pua, nikafikiri yameisha.

Pangani na ng'ambo

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Pangani ilikuwa imenyeshewa. Matope mekundu yalijaa kwenye breki hadi magurudumu yakagoma kuzunguka, na kuna mahali tulibeba baiskeli mabegani kama watu wanaohamisha wagonjwa. Pangani tulikuta kivuko kimesimama, kinatengenezwa, na foleni ya watu wamekaa juu ya mizigo yao bila wasiwasi. Niliuliza kitaondoka lini. Mzee mmoja akanijibu, "Kikipona." Tulikunywa chai ya rangi yenye mchaichai na kula mkate wa kumimina hadi kikapona, alasiri.

Kuhusu bahari: niliiona kwanza pale mdomoni mwa mto, na sikusema kitu kwa muda ambao kwa mtu kama mimi ni mrefu. Hanif alinipiga bega. "Leo dalali kakosa bei," akasema.

Ng'ambo, njia ni ya mchanga na changarawe, minazi upande huu, vichaka upande ule. Tulikuwa bado mbali na geti la hifadhi tairi la nyuma la Hanif lilipochanika ubavuni, si tundu la kuziba bali mpasuko wa kuingiza vidole. Kijiji tulichokifikia kwa miguu sitakitaja jina. Mtaona sababu.

Mzee Kombo, mtu wa makamo ya baba yangu mdogo, alituona tunakokota akatuita. Tulimwamkia shikamoo, akatuuliza habari za njiani, za nyumbani, za watoto, za mvua, tena za nyumbani, kisha ndipo akauliza kuhusu tairi. Alituma salamu kwa bodaboda wa Pangani atuletee jingine. "Litachukua siku zake," akasema. "Chumba kipo." Mkewe, Bi Saumu, alitandika mikeka mipya, na usiku ule tulikula mhogo wa nazi.

Dikoni

Asubuhi Hanif alibaki akinyoosha rimu. Mimi nilifuata sauti za watu hadi dikoni, mahali ambapo ngalawa zinashusha samaki. Niliposikia dalali anaita bei, moyo wangu uliruka. Mnada! Nilikuwa nimefika kwetu.

Bahari ilikuwa imechafuka kwa siku kadhaa, ngalawa chache tu ndizo zilizotoka. Palikuwa na mafungu ya vibua na tasi, na nguru mmoja tu, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, amelala juu ya turubai anang'aa. Dalali alikuwa mtu mfupi mwenye jezi iliyofifia, wanamwita Jongo. Wachuuzi walimzunguka pamoja na mama karanga, wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza. Vibua vilikwenda kwa kelele na matusi ya kirafiki. "Hiyo bei kamnunulie mkweo!" Jongo alimwambia mmoja. Niliona ananipita kwa kasi lakini kwa utani tulikuwa sawa.

Kisha akafika kwenye nguru.

Mwanamke mmoja wa umri wangu alitoka nyuma, akaja kusimama karibu na ngalawa iliyopinduliwa, mahali ambapo, sasa nikikumbuka, hakuna aliyekuwa amesimama asubuhi yote. Alitaja bei. Sauti ilikuwa ndogo.

Watu wakanyamaza. Wachuuzi waliotukanana sasa hivi wakaangalia miguu yao. Mama karanga mmoja akarekebisha ndoo ambayo haikuhitaji kurekebishwa. Jongo mwenyewe alishusha sauti. "Bi Zuhura ametaja. Yupo mwingine?" Aliuliza kama mtu anayejua jibu.

Mimi niliona mnada umekufa. Niliona samaki mzuri kuliko wote anakwenda kwa kunong'ona, na wavuvi waliohangaika usiku kucha wanapata haya. Damu ya Jumapili ikanipanda.

"Naongeza!" nikapaza sauti.

Wote waligeuka. Nikacheka, nikasogea mbele. "Jamani, nguru huyu mnamwacha aende kama dagaa?"

Hakuna aliyecheka. Nilidhani wananionea haya kwa kuwa mimi ni mgeni. Yule mwanamke hakuniangalia. Alitaja bei nyingine, juu kidogo ya yangu. Nikaongeza tena.

"Mama, usikubali! Ongeza, bahari inakusikia!"

Jongo alinitazama. "Mgeni, una uhakika?"

"Kama Jumapili," nikasema.

Bi Zuhura alifungua fundo la kanga yake, akatazama ndani, akalifunga tena. Alilifunga polepole, mafundo mawili. "Basi," akasema.

Jongo hakupiga kelele za kufunga mnada. Alininyooshea kidole tu. Na mimi, ndugu zangu, nilimwinua yule nguru kwa mikono miwili, nikatembea naye hadi kwenye ile ngalawa iliyopinduliwa, nikatangaza kwa sauti mnayoijua: "Nimemnunua, na namzawadia mama huyu!" Nikamlaza miguuni pake ili mikono yangu iwe huru, nikaanza kupiga makofi.

Nilipiga peke yangu. Nilipiga mara nyingi kuliko mtu mwenye akili angepiga, kwa sababu nilikuwa nasubiri wengine waanze.

Bi Zuhura aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Arobaini ya mama yangu," akasema, "siifanyi kwa samaki wa kutupiwa." Akaondoka, na mama karanga wakabeba ndoo zao wakamfuata.

"Bwana," Jongo akaniambia, "lipa."

Barazani kwa Mzee Kombo

Nilirudi na nguru begani. Mzee Kombo alifurahi kwanza. Alidhani nimeinunulia nyumba kitoweo. Nilipomweleza nilivyompata, aliacha kutabasamu, akainuka, akaingia ndani bila neno. Hanif ndiye aliyenikalisha chini. Alikuwa tayari ameyasikia kwa watu waliopita kutoka dikoni.

"Hivi unajua kwa nini walinyamaza?" akaniuliza.

"Hawakuwa na fedha?"

"Nusu yao wangemnunua yule samaki bila kupepesa macho. Mwenye msiba akitaja bei, hapa wengine hawaongezi. Anaondoka na samaki kwa bei atakayosema. Ndiyo rambirambi yao."

Nikamtazama yule nguru.

"Walikuwa wanampa mkono wa pole," Hanif akasema. "Wote, kwa pamoja. Wewe ukaingia katikati na kengele."

Nilimwambia nitamrudisha. Nilimpeleka nguru kwa Jongo, nikamwomba amnadi upya, mimi nitabaki nyumbani, nitajifungia, Bi Zuhura ataje bei yake ileile. Kwetu kitu hurudishwa. Jongo alikuwa anakunja turubai. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Samaki akishatoka kwenye turubai ana mwenyewe," akasema. "Nikimrudisha, nitamwita nani? Watu watakuja kumwangalia Zuhura, hawatakuja kumwangalia samaki."

Mama karanga hawakutaka kumnunua hata kwa bei ya bure. Hakuna aliyenitukana. Walisema tu, "Leo nimetosheka."

Hanif alinishauri niende kuomba radhi, na niende mikono mitupu. Tulipiga hodi jioni kabla ya magharibi. Nyumba ilikuwa na wanawake wanaochagua mchele kwa ajili ya kesho. Bi Zuhura alitoka akakaa kwenye kizingiti, nasi tukabaki tumesimama uani.

Nilieleza. Nilieleza usharika wetu, mnada wetu, jinsi kwetu kimya ni aibu na kelele ni baraka. Nilieleza vizuri mno. Hanif alinikanyaga mguu, nikakatisha na kusema, "Nimekukosea, dada. Nisamehe."

"Mama yangu alikuwa mama karanga," akasema. "Pale penye ile ngalawa ndipo aliposimama tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na sauti, yule! Akitaja bei, hata walioko majini wanasikia." Mwanamke mmoja ndani akacheka kidogo, akanyamaza. "Mimi sina sauti. Sijawahi kununua dikoni. Tangu afariki nasuka majamvi ili siku hii nisimame pale nitaje bei mwenyewe, mara moja, watu wasikie. Basi. Samaki ni samaki tu."

Nilitamani anitukane.

"Wamesikia nini?" akaniuliza. "Wamesikia wewe."

Kisha akainuka na kukung'uta kanga. "Kesho njooni hitima. Mgeni hafukuzwi kwenye chakula."

Hitima

Nilitaka kubaki chumbani. Hanif alisema nikibaki itakuwa kosa la pili. Kwa hiyo nilikaa kwenye jamvi pamoja na wanaume, na jamvi lilikuwa jipya, na nilijua nani amelisuka. Walisoma, Hanif akaitikia, mimi niliinamisha kichwa. Jongo alikuwa mbele yangu kwa mkono wa kulia, amevaa kanzu, anaonekana mtu mwingine.

Kikaja chakula, wali wa nazi na maharage. Maharage yalikuwa matamu, mazito, yameungwa kwa nazi na hiliki kidogo, sijawahi kula kama yale. Sinia zote zilikuwa hivyo. Hakuna aliyeuliza samaki yuko wapi, kwa kuwa kila mtu alijua yuko wapi: amelala kwenye beseni barazani kwa Mzee Kombo.

Bibi mmoja mzee aliyekuwa anagawa maji ya kunawa alifika kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa heshima zote. Kisha akainama karibu.

"Kula, mgeni," akasema. "Maharage hayana miiba."

Watu wa sinia yangu walitazama chini. Mmoja mabega yalimtikisika. Nilikula. Na safari hii nilijua kuacha sehemu ya wengine.

Bi Saumu ndiye aliyemwokoa yule nguru asioze. "Ni riziki, haitupwi," akasema. Alimpasua, akamtia chumvi, akamwanika juani siku zote tulizosubiri tairi, akawa ng'onda. Lakini kwake hakumpika, wala jirani yeyote hakuomba kipande. Tairi lilipofika, alimfunga kwenye mfuko wa sandarusi na kuniwekea juu ya mzigo wangu. "Mzigo wako, baba," akasema.

Getini na ndani

Sasa swali lenu la kwanza.

Tulifika geti la Saadani kabla jua halijawa kali. Askari wa zamu alitukagua kwa ucheshi, akasifu baiskeli, akaonyesha mahali pa kuziacha, kwa kuwa kutoka hapo tungetembea naye kwa miguu. Kisha akanusa.

"Kwenye mzigo kuna nini?"

"Nguru mkavu," nikasema.

Akanitazama usoni, akatabasamu polepole. "Aa! Wewe ndiye uliyenunua msiba?"

Hanif aligeukia baharini. Nikasema ndiyo, ni mimi. Askari hakuongeza kitu. Alimtundika nguru kwenye msumari nyuma ya kibanda chake, mbali na fisi.

Tulitembea muda mrefu, kwanza majanini, tukiona nyumbu na pofu kwa mbali, kisha tukashuka kwenye mchanga. Askari alitangulia. Mahali fulani alinyanyua kiganja. "Hapa kazi yenu ni moja tu," akanong'ona. "Kunyamaza."

Nilihisi Hanif ananiangalia. Sikumwangalia.

Ndiyo, tembo wanashuka ufukweni. Tulimwona mmoja, jike, amesimama mahali ambapo maji yanafika na kurudi. Hakuoga wala kunywa. Alisimama tu, masikio yakipepea, na maji yakiingia kwenye nyayo zake na kuzijaza. Nilikuwa nimesubiri miaka kuona kitu kama kile, na nilikiona kwa macho mazima, lakini kila nilipotaka kufurahi nilisikia makofi yangu mwenyewe. Baadaye akaondoka kuingia vichakani, na askari akashusha kiganja. Hayo ndiyo yote kuhusu tembo. Ningependa yawe mengi zaidi.

Kurudi

Kurudi tulipanda basi kutoka Tanga, baiskeli kwenye buti. Kondakta alitaka kujua ni nini kinanuka. Abiria wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema ni soksi za Wameru. Wakati mwingine wowote ningemjibu na basi zima lingeshuka Arusha linacheka. Nilifumba macho nikajifanya nimelala. Hanif, Mungu ambariki, alisema ni za kwake.

Mke wangu alimtundika nguru jikoni juu ya moto. Yupo hadi leo. Aliniuliza kama ampike, nikasema bado.

Jumapili mbili za kwanza nilisingizia koo, mkanipa pole na asali. Jumapili iliyopita sikuwa na kisingizio kingine. Nilinadi mayai, nilinadi parachichi, kwa sauti ya kawaida kiasi. Kisha nikapewa yule kuku, jogoo mwekundu aliyenona, nikamwinua.

Na kama kila Jumapili, kabla ya wote, Mama Anaeli alitaja bei. Mnajua anaposimama, pembeni, karibu na bomba. Alitaja bei ndogo, kwa sauti ndogo. Nikafungua mdomo, na utani ulikuwa tayari juu ya ulimi, ule wa mlango na wanunuzi, na niliwaona ninyi mmeshaanza kutabasamu mkiusubiri. Nikamtazama. Alikuwa ameshika pembe ya kitenge chake, palipo na fundo.

Miaka yote hii sijawahi kumwona akiondoka na kitu. Nilidhani anatufungulia mlango. Haikunijia hata siku moja kwamba huenda anataka kuku.

Nikakaa kimya. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, akavuta pumzi kuongeza, nikamwahi. Moja, mbili, tatu, bila nafasi kati yake, imekwenda. Mkaguna. Baadhi mmesema nina undugu naye. Mmoja amesema safari imeniharibu. Kikapu kilipungua siku ile, najua, na kwa hilo mwenye kudaiwa maelezo ni mimi, ndiyo maana nimeandika.

Mama Anaeli alikuja mbele. Alimpokea jogoo kwa kumshika miguu, akampapasa kifua kama mtu anayepima kitoweo cha jioni, akamfunika kwa kitenge. Nilidhani ataondoka bila neno. Alinisogelea, akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Leo umesahau kunicheka, mwanangu."